Pimbi na Watangulizi wa Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Sema wewe!

Pakawa Pimbi, pakawa Kiboko, pakawa mlango mmoja na wapitao wengi. Mnanisikia?

— Tunakusikia!

Na wewe uliyejibanza pale nyuma, unayetaka kusinzia, unanisikia?

— Nakusikia!

Basi mna bahati nyinyi. Nawapa habari ya mmoja aliyesikia nusu ya neno, na hiyo nusu ikamnyima raha.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana simu zilikuwapo, palikuwa na bonde linaitwa Lumbiji. Wanyama wa Lumbiji walivuta mtandao wao wenyewe, kwa mikono yao wenyewe. Fuko alichimba mfereji wa waya, kwaru, kwaru, kwaru. Twiga alisimamisha nguzo, akaishika kwa shingo mpaka ikakaa sawa. Kima alipanda juu kabisa, akafunga kisanduku chenye vitaa vya kijani. Na Kiboko je? Kiboko alikuja siku ya sherehe, akala.

Lakini Kiboko alikuwa mkubwa, na nguzo ilisimama kando ya bwawa lake. Akasema, "Kilicho karibu na bwawa langu ni changu. Nyinyi mtatumia nitakachosaza." Nani ambishie? Kiboko akifunua kinywa, unaona mpaka chakula chake cha jana. Wanyama wakasema, "Ndiyo, mzee," wakarudi makwao.

Sasa Kiboko alikuwa na mapenzi yake: kutazama majani. Si majani ya Lumbiji, hayo alikuwa akiyakanyaga. Alipenda ya mbali. Asubuhi anafungua ukurasa wa majani ya milimani. Haufungi, anafungua wa majani ya ziwani. Haufungi, anafungua wa majani yaliyokatwakatwa, yakapangwa kwenye sahani na mnyama asiyemjua hata jina. Akiona haya anataka yale. Akiona yale anataka ya nyuma yake. Picha juu ya picha, video juu ya video, mpaka simu inapata moto kiganjani. Anaichovya bwawani, chwii! Kisha anaendelea.

Na mtu akimwomba nafasi, jibu lake lilikuwa lile lile.

"Mmoja tu. Namalizia ukurasa mmoja tu."

Juu ya majabali, hatua chache kutoka bwawani, ndipo alipokaa Pimbi. Pimbi mnamjua. Si panya, si sungura, mkia hana, na kukaa kitako kwake ni adhabu. Mama yake alikaa kwenye majabali ya ng'ambo, pamoja na Sijaona, dada mkubwa wa Pimbi. Katikati palikuwa na nyika tupu, haina kichaka, haina jiwe, na nyika hiyo ilikuwa ya Tai. Pimbi akitia mguu pale, kivuli kinapita juu yake, fyuu! Hadithi yake imekwisha. Kwa hiyo mama na mwana walionana kwa masikio. Walipigiana simu ya mtandaoni, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yao, hawakuwa na nyingine.

Siku moja asubuhi simu ikalia. Ngrii! Ngrii!

"Haloo, dada! Shikamoo!"

"Ma... ha... ba. Mdogo wangu, ma... mgonjwa. Ha... taki ku..."

"Dada, unakatakata! Rudia!"

"Na... nasema... mama ameku..."

Kwap! Kimya.

Mama ameku nini?

Pimbi akapanda jiwe, akashuka jiwe. Akakaa, akasimama. Mama amekuja? Hawezi kuja, Tai yuko. Mama amekula? Ingekuwa heri, lakini kwa nini dada aseme kwa sauti ile? Mama amekuita? Mama amekukumbuka? Na palikuwa na neno jingine linaloanza vivyo hivyo, neno fupi, na hilo Pimbi hakulitamka. Alilizunguka tu, kama unavyozunguka shimo usilojua kina chake.

Akapiga. Simu ikaita, ikapokelewa. "Ha... o..." Kwap! Akapiga tena. "Ma..." Kwap! Akaandika ujumbe: DADA, MAMA AMEKU NINI? Ujumbe ukakaa palepale, kiduara kinazunguka, kinazunguka, kama mbwa anayetaka kulala na hajapata pahali.

Akapanda jiwe, akashuka jiwe. Akakimbia kwa Kima, tuti-tuti-tuti.

Kima alikuwa juu ya nguzo yake, anapangusa vumbi kwenye kisanduku.

"Kima ndugu yangu, mtandao umekufa?"

"Haujafa," akasema Kima. "Umezibwa. Ndani ya kisanduku hiki mna mlango mmoja, mwembamba. Kila kitu cha Lumbiji kinapita hapo. Majani ya Kiboko yanakuja kwa mafurushi, yanaujaza mlango juu mpaka chini. Sauti yako haina mzigo, ingejipenyeza pembeni mara moja. Lakini nani kaiambia ipite? Inapanga foleni nyuma ya mafurushi, na ikifika, imefika vipande."

"Na huwezi kuiambia ipite?"

"Naweza. Kitufe hiki hapa. Nikikibonyeza, sauti zinatangulia, mafurushi yanangoja kidogo."

"Sasa Kiboko atapungukiwa nini?"

"Hapungukiwi kitu. Jani likichelewa kidogo bado ni jani. Sauti ikichelewa kidogo si sauti tena, ni makombo."

"Kibonyeze basi!"

Kima akatazama chini, kwenye bwawa, akashusha sauti. "Pimbi, mimi ninakaa juu ya nguzo. Kiboko anakaa chini ya nguzo. Nikibonyeza bila ruhusa yake, atajikuna hapa mgongo mara moja tu. Nitaangukia wapi? Nenda kamwombe. Akisema ndiyo, kazi yangu ni kidole kimoja."

Pimbi akaenda, tuti-tuti-tuti, mpaka ukingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema Kiboko, macho hayatoki kwenye simu.

"Mzee, mama yangu mgonjwa. Naomba unipishe kidogo nimpigie."

"Mmoja tu. Namalizia ukurasa mmoja tu."

Pimbi akangoja. Kiboko akafungua wa majani ya visiwani. Pimbi akangoja. Kiboko akafungua wa majani yanayoota juu ya mapaa ya nyumba. Pimbi akakanyaga mguu huu, akakanyaga mguu ule. Jua likasogea. Kiboko akapiga mwayo, akafungua mwingine.

"Mzee, umesema mmoja."

"Nimesema mmoja tu. Sikusema upi."

Pimbi akarudi majabalini. Akapiga. "Ha..." Kwap! Akapanda jiwe, akashuka jiwe. Kifua kilimdunda, du-du-du-du, mpaka akadhani ni simu inayoita. Akarudi tena bwawani, mbio.

"Mzee Kiboko, nakuomba kwa jina la mama yako aliyekuzaa. Sikuambii ufunge. Endelea na majani yako. Acha sauti zitangulie tu. Ni nyembamba, hutazihisi. Kima anacho kitufe..."

Kiboko akainua kichwa. Maji yakapanda ukingoni, bwaa!

"Zitangulie? Kunitangulia mimi? We kipande cha panya, tangu lini mdogo akapita mbele ya mkubwa? Mkubwa kwanza! Ndivyo mlangoni, ndivyo mezani, ndivyo mtandaoni." Akafunua kinywa chake chote. "Unayaona meno haya?"

"Nayaona, mzee."

"Hesabu yako, mtoto wa mtu, iko ndani humu. Nenda."

Pimbi akaenda. Mara hii hakukimbia. Akapanda jabali lake polepole, akajikunja juu yake. Na mtu asiyeweza kukaa akikaa, jueni ana jambo. Akatazama nyika. Akawaza: nivuke? Nikitoka sasa hivi, nikikimbia bila kugeuka? Akaiona ile nyika ilivyo nyeupe na jua, na juu yake doa dogo jeusi linaelea, linazunguka, halina haraka. Akashika kichwa. Mama ameku nini?

Basi alipokuwa amejikunja vile, Kiboko akatoka majini kuota jua. Na Kiboko akitoka majini, ndege weupe, wale yangeyange wanaokula wadudu miguuni mwake, hutangulia. Wakatua mbele yake, mmoja, wa pili, wa tatu, mstari mzima, shingo zimenyooka, wanatembea kwa madaha. Na Kiboko nyuma yao, tumbo mbele, kichwa juu, dum, dum, dum, kama bwana harusi anayepelekwa kwa matarumbeta.

Pimbi akaangalia. Akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Akashuka jabali kwa mruko mmoja.

Alipofika bwawani hakusalimu. Akapita mbele ya Kiboko aliyejilaza juani, anatikisa kichwa, anasema peke yake, "Aibu! Aibu gani hii! Afadhali nisingesikia."

Kiboko akafungua jicho moja. "Aibu ya nani?"

"Hapana, mzee. Si maneno ya kumwambia mtu mzima."

"Sema, au nikukalie."

"Ni huko ng'ambo, mzee. Simu yangu ilipokuwa inakatakata nikasikia wanacheka. Wanasema: Kiboko wa Lumbiji anajitangulia mwenyewe, kama mchunga mbuzi."

Jicho la pili likafunguka. "Mimi? Mchunga mbuzi?"

"Wanasema ukurasa wake ukiingia mtandaoni unaingia peke yake, pwaa, kama gunia lililodondoka. Hakuna hata mmoja wa kutangulia kusema hodi. Kumbe Tembo wa kule..."

"Tembo amefanya nini?"

"Tembo, mzee, hafungui ukurasa mpaka sauti zimtangulie. Zinapita kwanza sauti, zinamtangaza, ndipo anaingia yeye nyuma, taratibu, kwa heshima. Wanasema, mkubwa hatangulii. Mkubwa hutanguliwa."

Kiboko akageuza shingo. Akawatazama yangeyange wake. Akawatazama tena. Pimbi moyo ulikuwa unamtoka kwa mdomo, akaubana kwa meno, akaanza kuimba polepole, kama mtu anayejiimbia tu:

*Mdogo hukimbia mbele,*
*mkubwa yuko nyuma.*
*Ngoma hulia mbele,*
*bwana yuko nyuma.*
*Asiye na wa kumtangulia,*
*ni wa jana huyo, ni wa juzi huyo.*

"Acha kuimba," akasema Kiboko. "Tembo ana watangulizi wangapi?"

"Wengi, mzee. Hata sungusungu wanamtangulia."

"Nataka wengi kuliko yeye."

"Ni haki yako."

Kisha Kiboko akakunja uso, na maji yote ya bwawa yakaonekana kama yamekunja uso naye. "Ngoja kwanza. Hizo sauti za kwenu ni za kupigiana umbea. Mama zenu, shangazi zenu. Mimi nitajuaje kwamba zinanitangaza?"

Hapo Pimbi alikwama. Miguu ikataka kukimbia, akaizuia. Akatazama juu, Kima ameshika nguzo kwa mikono miwili. Akatazama mbele, meno.

"Mzee," akasema, "wewe hukusikia kila simu inavyoanza?"

"Inaanzaje?"

"Haloo! Haloo!"

"Ndiyo. Maana yake nini?"

"Hujaambiwa? Ni lugha ya wakubwa hiyo. Haloo maana yake: pisheni njia. Na ya pili, haloo: anakuja."

Juu ya nguzo Kima akashikwa na kikohozi. Akakohoa mpaka kisanduku kikatikisika. Kiboko akajaribu lile neno mwenyewe, kwa sauti ya chini, "Haloo. Haloo." Akalirudia. Likamkaa vizuri kinywani. Akavuta pumzi, akanguruma bonde zima likasikia:

"Kima! Sauti zitangulie!"

"Ndiyo, mzee!" Ti. Kidole kimoja.

Pimbi hakuaga. Akapiga palepale aliposimama. Ngrii! Ngrii!

"Haloo! Haloo!" akaita.

Kiboko akatikisa kichwa, ameridhika.

"Haloo!" akajibu Sijaona, na sauti yake ilikuwa nzima, kama amesimama nyuma ya jiwe. Hata kuku wa majirani alisikika nyuma yake. "Mdogo wangu! Hatimaye!"

"Dada, mama ameku nini?"

"Nini?"

"Ulisema mama ameku. Ameku nini? Sema neno lote, dada, usilikate!"

"Amekununia!"

"Ame...?"

"Amekununia. Amenuna. Kila akiongea na wewe simu inakatika, anasema mwanangu ananikatia, amechoka kusikia habari za mgonjwa. Chakula hagusi. Uji nimepika, umekuwa jiwe. Anasema atakula kwa ajili ya nani? Hali yake si nzuri, mdogo wangu. Nimeogopa."

Pimbi akakaa chini. Akasimama. "Mpe simu."

Kukawa na mchakacho wa nguo, na kikohozi, na pumzi ndefu. Pimbi alisikia yote, hata pumzi.

"Nani huyo?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nilidhani umepata mama mwingine."

"Mama, sikukukatia. Haki ya Mungu. Ni majani."

"Majani gani?"

"Ya Kiboko. Yalikuwa yamekaa mlangoni."

"Kiboko amekukalia?"

"Hapana mama. Karibu."

Mama akanyamaza. Pimbi akaogopa ule ukimya, akadhani ndiyo imekatika tena. "Mama? Mama!"

"Nipo. Nakusikiliza tu." Kisha, "Mbona nasikia miguu? Kaa chini, mwanangu, utachoka."

"Nimekaa, mama," akasema Pimbi, na alikuwa anazunguka bwawa kwa mara ya ngapi hata hajui.

"Sema basi. Sema chochote. Usinyamaze."

Pimbi akasema. Akasema habari ya mwamba uliopasuka, na ya Fuko aliyechimba akatokea ndani ya nyumba ya Fuko mwenzake, na ya mvua isiyokuja. Maneno yasiyo na maana. Na katikati ya maneno hayo akasikia kitu kidogo, upande ule wa pili: kijiko kinagonga bakuli. Ting. Kisha tena. Ting. Hakuuliza. Aliendelea tu kusema, haraka haraka, asije akaharibu.

Sasa mngedhani Kiboko angegundua mapema. Hakugundua. Ukurasa wake ulichelewa kidogo, akafurahi, akasema, "Naam, wananitangulia." Kesho yake akahesabu haloo zilizopita akaona hazitoshi. Akaita mkutano.

"Lumbiji nzima! Nataka sauti! Kila mwenye simu apige! Leo natazama majani ya nchi za baridi, siwezi kuingia huko na watangulizi wachache kama maskini!"

Wanyama wakatazamana. Kisha wakapiga. Twiga akampigia shangazi yake waliyekosana naye. Fuko akawapigia wanawe wote, waliokuwa chini ya ardhi hiyo hiyo. Kanga hakuwa na wa kumpigia, akampigia Kobe aliyekaa ubavuni mwake, wakaongea mpaka wakagombana. Bonde zima likawa haloo, haloo, haloo. Na kila mmoja alisikika. Waliokuwa hawajasemezana tangu mtandao uzibwe sasa walicheka, walilia, waliombana radhi, na Kiboko akawatembelea akiwahimiza, "Endelea! Usikate! Sema na babu yako pia!"

Na ukurasa wake? Likaingia jani nusu. Kiduara kikazunguka. Kiboko akangoja kwa fahari. Kiduara kikazunguka. Akaichovya simu bwawani, chwii. Kiduara kikazunguka ndani ya maji.

Jioni akamwita Pimbi.

"We Pimbi. Watangulizi wamepita tangu asubuhi. Mimi nitafika lini?"

"Mzee," akasema Pimbi, mguu huu, mguu ule, "mtu mdogo hufika mara moja, maana nani amtangulie? Mtu wa wastani hufika baadaye kidogo. Lakini wewe, kwa msafara nilioushuhudia leo..." Akatikisa kichwa kwa heshima. "Wewe u mkubwa mno kufika leo."

Kiboko akalitafakari neno hilo. Kifua kikajaa.

"Na kesho?"

"Kesho ndiyo usiseme. Utakuwa mkubwa zaidi."

"Kweli," akasema Kiboko. "Kweli kabisa." Kwa kuwa alikuwa na njaa, akaweka simu juu ya jiwe, akapanda ukingoni, akainamisha kichwa akala majani yaliyokuwapo. Na yangeyange wakamtangulia.

Mama yake Pimbi alipona taratibu. Alipopata nguvu alipiga yeye mwenyewe, kila siku, kumuuliza mwanawe amekula nini na kwa nini hatulii.

Basi, wasikilizaji wangu, fundisho. Ngano bila fundisho ni mchuzi bila chumvi. Fundisho la hii ni hili: msidanganye wakubwa. Mdogo aseme kweli, aombe kwa adabu, kisha akae kimya angoje, na mkubwa kwa huruma yake atampisha. Mwangalieni Pimbi alivyongoja!

— Hakungoja!

Nani amesema hivyo? Alingoja. Alingoja ukurasa mzima. Na fundisho la pili: jifunzeni kutulia. Asiyetulia mahali pamoja hapati kitu duniani, abadani, isipokuwa mama yake.

Hapa naitua ngano yangu. Iliyemnogea aichukue akasimulie kwao, na ambaye haikumnogea aipishe ipite, nyuma yake wako wanaoingoja.